Concorde ya Mita 10: Ndege Kubwa za Modeli na Deni la Ukubwa

Concorde ya mwisho kuruka ilitua Filton, pembeni mwa jiji la Bristol, Uingereza, tarehe 26 Novemba 2003. Tangu siku hiyo zilizobaki zimekaa ardhini, nyingi kwenye makumbusho, matangi makavu, watoto wakipita chini ya mabawa na kupiga picha. Hata hivyo, aliyefika kwenye maonyesho ya ndege za modeli huko Ujerumani na nchi jirani ameweza kuiona Concorde nyeupe ikikimbia njiani, ikiinua pua na kupaa kwa mngurumo. Urefu wake ni karibu mita 10, kama basi la abiria. Uzito wake ni kilo 149. Injini zake ni za jeti kwelikweli, zinachoma mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, na rubani wake amesimama kwenye nyasi, rimoti ikining'inia kifuani.

Anayeiona kwa mara ya kwanza huuliza maswali mawili: imewezekanaje, na ya nini? Mafundi hulijibu la kwanza kwa furaha hadi usiku uingie. La pili huwakera kidogo, kwa sababu muulizaji mara nyingi ameshaamua kwamba ni majivuno ya watu wenye fedha. Mimi naamini jibu la swali la pili limo ndani ya la kwanza. Hewa humlipa mjenzi anayekikuza chombo chake, na humlipa kwa kitu ambacho modeli ndogo haikipati kamwe, yaani kuruka kama ndege. Kisha humdai. Ukubwa ni mkopo, na mchezo huu wote, tangu kalibu ya kwanza hadi sheria za nchi, umejengwa juu ya namna ya kuulipa.

Tuanze na injini, maana bila hiyo yote haya yangebaki ndoto. Kwa miongo kadhaa modeli yenye sura ya jeti ilikuwa ni sura tu. Tumboni mwake ilifichwa injini ya pistoni ya mipigo miwili, ndugu ya ile ya msumeno wa mnyororo, ikizungusha feni ndani ya bomba. Huko Florida, Bob Violett alizifikisha ndege za namna hiyo kwenye ubora mkubwa, zikaenda kasi sana, lakini sauti yake haikuwa ya jeti. Wengine walijaribu injini ya mripuko wa mfululizo, ile ya asili moja na bomu la V-1 la Wajerumani. Kelele zake zilifukuza majirani, na joto lake lilichoma kila kilichokuwa karibu. Tabaini halisi, yenye kompresa, chumba cha moto na gurudumu la nyuma, wahandisi wengi waliamini haiwezi kupunguzwa hadi ikae mkononi. Hesabu zilionyesha kwamba gurudumu dogo hupoteza nguvu nyingi mno kwenye mianya ya pembeni.

Mwaka 1983 kikundi cha Waingereza kikiongozwa na Jerry Jackman kilirusha modeli iliyosukumwa na tabaini, ikinywa gesi ya propani. Miaka ya mwanzo ya 1990 kampuni ya JPX ya Ufaransa ikaanza kuuza tabaini ya namna hiyo madukani. Lakini aliyeufungua mlango kwa fundi wa kawaida ni Mjerumani Kurt Schreckling. Huyu alijenga injini yake nyumbani, kwa vifaa vya karakana ndogo, na gurudumu la kompresa yake alilitengeneza kwa plaiwudi iliyoviringishwa nyuzi za kaboni. Plaiwudi! Gurudumu la nyuma alilikata kutoka bati la chuma kisichoshika kutu na kuzipinda pangaboi zake. Ikawaka, ikasukuma, ikaruka. Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko injini yenyewe: aliandika kitabu kinachoeleza kila hatua, mwingine naye ajenge.

Wakajenga. Badala ya plaiwudi wakachukua gurudumu la turbo ya gari, lile ambalo fundi yeyote wa malori analijua kwa kulishika. Injini iliyoenea zaidi kati ya hizo za kujijengea iliitwa KJ-66, na hiyo 66 ni kipenyo cha gurudumu la kompresa kwa milimita. Inafaa kutambua kwamba umbo hilo, la hewa kuingia katikati na kurushwa pembeni, ndilo alilolitumia Mwingereza Frank Whittle alipowasha injini yake ya kwanza ya jeti mwaka 1937. Jeti za abiria zililiacha zamani. Tabaini za modeli zimebaki nalo kwa sababu kwenye udogo huo ndilo linalofaa zaidi. Kwa hiyo anayenunua tabaini ya modeli leo anashika mkononi mjukuu wa moja kwa moja wa Whittle.

Kisha viwanda vikaingia: JetCat na Behotec Ujerumani, AMT Uholanzi, Wren Uingereza, Jets Munt Hispania, KingTech Taiwan. Injini zikakua kutoka niutoni 30 au 40 za msukumo hadi 400 na zaidi, yaani nguvu ya kuinua kilo 40 wima. Bei ni maelfu ya euro kwa injini moja.

Ni vyema msomaji aelewe kinachotokea ndani ya kopo hilo la alumini, maana watu hulichukulia kama feni. Gurudumu la milimita 66 likizunguka mara 115,000 kwa dakika, ukingo wake unakimbia karibu mita 400 kila sekunde, kasi inayoipita sauti. Gramu moja ya chuma pale ukingoni inavutwa nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa nusu tani. Nyuma yake gesi inatoka na joto la nyuzi 600 au 700. Na beringi zinazoubeba mhimili huo, zenye gololi za kauri, hazina oili yake zenyewe. Oili huchanganywa ndani ya mafuta, kama asilimia 5, na sehemu ndogo ya mchanganyiko huo hupelekwa kwenye beringi kuzilainisha na kuzipoza. Ndiyo maana uwanja wa jeti za modeli unanuka kama jiko la utambi lililozimwa sasa hivi.

Zamani kuwasha tabaini kulitaka watu watatu: wa kipuliza hewa, wa mtungi wa gesi, na wa mtungi wa kuzimia moto. Siku hizi rubani anasukuma swichi moja. Kompyuta ndogo inazungusha mhimili kwa mota ya umeme, inawasha moto, inapima joto, inaongeza mafuta tone kwa tone, na katika muda wa dakika moja hivi injini iko tayari. Joto likizidi, inazima. Mawimbi ya rimoti yakipotea, inazima. Wa mtungi wa kuzimia moto bado yupo, na hapaswi kuondoka.

Sasa tuje kwenye hewa, ambako ndiko penye kiini cha hoja yangu.

Jicho la binadamu halipimi kasi ya ndege kwa kilomita. Linaipima kwa urefu wa ndege yenyewe: imeupita urefu wake mara ngapi kwa sekunde? Concorde halisi, mita 62 kasoro kidogo, ilikaribia kutua kwa kasi ya karibu kilomita 300 kwa saa, yaani mita 83 kwa sekunde. Ilikuwa ikiupita urefu wake mara moja na theluthi kila sekunde, na kwa hiyo ilionekana kama inateleza taratibu, kwa heshima. Chukua sasa modeli ya jeti ya mita moja na nusu inayopita kwa mita 30 kwa sekunde. Hiyo inaupita urefu wake mara 20. Hata ikiwa imepakwa rangi kwa ustadi wa ajabu, jicho halidanganyiki: linaona nyigu.

Kanuni inayofungamanisha kasi na ukubwa ni hii: modeli inayotaka kuruka kama mama yake igawe kasi ya mama kwa kipeuo cha pili cha kipimo. Concorde yetu ya mita 10, iliyo ya kipimo cha moja kwa sita, inagawa kwa mbili na nusu kasoro kidogo, kwa hiyo ingetua kwa kilomita 120 hivi kwa saa. Lakini kanuni hiyohiyo inasema uzito ugawanywe kwa sita mara sita mara sita, yaani 216. Concorde tupu, bila mafuta wala abiria, ilikuwa na tani 78 na ushei. Gawa, unapata kilo zaidi ya 360. Mjenzi ameimaliza kwa 149. Amejenga ndege ambayo kwa kipimo chake haifikii hata nusu ya uzito wa mama, na hapo ndipo inapopata neema ya kutua chini ya kilomita 100 kwa saa, ikiupita urefu wake mara mbili tu na kitu kwa sekunde. Jicho linatulia na kuamini.

Mfano wa pili ni A380 iliyojengwa kwa kipimo cha moja kwa kumi na tano: mabawa ya mita 5 na sentimita 30, injini nne, uzito wa kilo 70 hivi. Airbus yenyewe ikijazwa kabisa hupita tani 560, na ukigawa kwa 3,375 unapata zaidi ya kilo 160. Hapa tena mjenzi ameishinda hesabu kwa zaidi ya nusu. Mtu akikuambia kwamba ndege kubwa ya modeli ni suala la kuwa na fedha, mwulize fedha zinaiondoaje nusu ya uzito.

Maana ukubwa wenyewe unasukuma upande wa pili. Ukiongeza urefu mara mbili bila kubadili namna ya kujenga, eneo la mabawa linakua mara nne ilhali uzito unakua mara nane. Kila sentimita ya bawa inabebeshwa mzigo maradufu. Ili kuikwepa sheria hiyo, fundi hujenga gamba badala ya gogo. Anachonga umbo kamili la ndege, analisawazisha kwa pati na msasa kwa wiki nyingi, kisha anatoa kalibu juu yake. Ndani ya kalibu anatandaza rangi, kitambaa chembamba cha faibaglasi, tabaka la povu au la sega la nyuki la bandia, kitambaa kingine, yote yakiwa yamelowa epoksi, halafu anafunga kwa nailoni na kufyonza hewa ili tabaka zishikane na epoksi ya ziada itoke. Penye mzigo, kama mzizi wa bawa na kitako cha magurudumu, anaweka nyuzi za kaboni. Kwingine kote anabania. Mafundi hawa hupima kwa mizani ndogo hata epoksi wanayoichanganya, kwa kuwa gramu 20 kwenye kila kipande zinakuwa kilo kadhaa mwishoni.

Na kilo za mkiani ni ghali kuliko za puani. Injini zinapenda kukaa nyuma, kwa hiyo betri na kila kilicho kizito hupelekwa mbele, na pasipotosha huongezwa risasi, uzito mtupu usiofanya kazi nyingine ila kusawazisha. Tangi linawekwa karibu kabisa na kitovu cha uzito, ili mafuta yakipungua ndege isianze kuinamia upande. Si jambo dogo, kwa sababu tabaini ya niutoni 200 hunywa karibu robo tatu ya lita kila dakika ikikazwa, na safari ya dakika 7 au 8 huondoka na lita kadhaa.

Kuna kifaa kimoja ambacho wageni hawakitazami, nami nakiona kuwa mfano mzuri wa akili ya mchezo huu. Kati ya tangi kuu na pampu huwekwa tangi dogo lenye mfuko wa kitambaa au kichujio ndani yake. Kazi yake ni kuzuia viputo vya hewa. Injini ya pistoni ikimeza kiputo hukohoa na kuendelea. Tabaini ikimeza kiputo kikubwa moto unazimika, na pale angani haiwashwi kirahisi. Ndege ya maelfu ya saa za kazi inaweza kupotea kwa sababu ya kiputo kisichozidi kunde. Basi mjenzi mzoefu hulijaza tangi lile dogo hadi juu kabla ya kila safari na kulitazama kwenye mwanga.

Magurudumu nayo ni somo. Modeli ndogo hutua kwenye waya uliopindwa. Ya kilo 70 inahitaji miguu yenye shokamzoba, breki na milango inayofunguka kwa zamu, na kila mguu lazima uhimili mshindo wa siku ambayo rubani amekosea. Wajenzi wengi hukiri kwamba miguu iliwala miezi mingi kuliko mabawa. Mawasiliano yamekuwa rahisi zaidi tangu katikati ya miaka ya 2000, rimoti za masafa ya 2.4 gigahezi zilipokuja na kuondoa balaa la watu wawili kugongana kwenye chaneli moja. Hata hivyo kwenye ndege kubwa kila kitu huwekwa maradufu: vipokezi viwili, betri mbili, mota mbili za kusukuma kila usukani wa mkia.

Kurusha ni elimu nyingine. Rubani wa modeli haisikii ndege mwilini. Hana kiti kinachomsukuma mgongo wala upepo usoni. Anachokiona ni umbo linalobadilika pembe kwa mbali, na ikija kumwelekea, kushoto na kulia vinageuka. Modeli kubwa inamdanganya zaidi, kwa sababu macho yamezoea kwamba kilicho kikubwa kiko karibu. Anaona ndege bado ipo hapa, kumbe imekwenda mbali na inashuka.

Tena tabaini haiitiki papo hapo. Ikiwa imeshushwa kabisa, inahitaji sekunde mbili, tatu, hata zaidi kabla ya kufikia nguvu zote. Rubani wa pistoni akiona anashuka mno huongeza mafuta na kuokoka. Wa jeti akifanya hivyo amechelewa tayari. Kwa hiyo hutua na injini ikiwa na joto, flapu na breki za hewa zikivuta nyuma huku tabaini ikisukuma mbele kidogo, ili nguvu ziwe karibu pindi zitakapohitajika. Kwenye nyanda za juu shida huongezeka: Nairobi, ambako uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko Mombasa, na injini inapoteza msukumo wakati mabawa nayo yanadai kasi zaidi.

Kisa kinachosimuliwa mara nyingi ni cha B-52 iliyojengwa Uingereza, mabawa ya mita 7 hivi, tabaini nane za Wren. Iliruka vizuri, watu wakaishangilia. Kisha siku moja, ikikata kona karibu na ardhi, bawa lililala kupita kiasi, nguvu ya kuelea ikaisha, ikaanguka na kuwaka. Hakuna aliyeumia. Nimeitazama picha ya tukio hilo mara nyingi, na kinachonigusa ni kwamba hakuna kilichovunjika kabla ya kuanguka. Ndege iliomba kasi kidogo tu zaidi, na ishara ya ombi hilo, mtu aliyesimama chini hawezi kuihisi.

Hapo deni linaonekana waziwazi. Modeli ya kilo 20 ikienda kilomita 300 kwa saa inabeba nishati sawa na gari dogo la kilo 1,400 linalokwenda kilomita 36 kwa saa. Hakuna mtu angeruhusu gari la namna hiyo lipite bila dereva katikati ya watu waliokaa kula barafu. Ongeza lita kadhaa za mafuta na chombo chenye joto la nyuzi 600, na nyasi kavu za mwezi wa Agosti. Kwa hiyo nchi zilizouzoea mchezo huu hazikuuacha huru, wala hazikuuzima.

Marekani, chama cha ndege za modeli cha AMA, kilichoanzishwa mwaka 1936, kinadai rubani wa tabaini awe na kibali maalumu anachokipata kwa kuonyesha uwezo mbele ya wenzake, na kinakataza jeti hizo kupita maili 200 kwa saa, yaani kilomita 320 hivi. Juu ya ratili 55, ambazo ni kilo 25, masharti yanaongezeka. Ujerumani, modeli ya zaidi ya kilo 25 hukaguliwa na rubani wake hutahiniwa. Kikomo cha juu kabisa ni kilo 150, na sasa unaelewa kwa nini Concorde yetu ina 149. Uingereza ina chama kinachoitwa Large Model Association, na utaratibu wake ndio ninaoupenda kuliko yote. Mjenzi hutoa taarifa kabla hajaendelea mbali na kazi. Hupewa mkaguzi, naye humtembelea wakati mbavu bado ziko wazi, kabla ngozi haijafunika makosa. Ndege ikikamilika, hurushwa kwa majaribio mbele ya mashahidi, mbali na umma. Ndipo inaruhusiwa kuonekana na watazamaji.

Mkaguzi huyo ni mjenzi mwenzake, mtu aliyewahi kuvunja bawa lake mwenyewe, anayejua gundi gani hudanganya na skrubu gani hulegea. Ofisa wa serikali, hata awe mwadilifu kiasi gani, hawezi kujua hayo. Ndiyo maana nasema jambo bora lililozaliwa na mchezo huu si Concorde wala A380. Ni desturi ya fundi kumfungulia fundi mwenzake mlango wa karakana na kumwambia: tazama, nionyeshe nilipokosea.

Wapo wanaouona ukubwa kama njia potofu, wakipenda kasi. Mwezi Septemba 2017, uwanja wa Ballenstedt, Mjerumani Niels Herbrich alifikisha jeti ya modeli kilomita 749 kwa saa na kuingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Ni kazi ya kuheshimiwa. Ila chombo cha namna hiyo kimejengwa kwa ajili ya namba, na mtazamaji huona mstari tu. Mimi niko upande wa wanaotumia miaka mitano ili ndege yao iende polepole.

Lipo wingu jingine, na halitokani na ajali. Tabaini hizi zimekwisha kutoka nje ya mchezo. Mswisi Yves Rossy alifunga nne za JetCat kwenye bawa mgongoni mwake akaruka. Mwaka 2015 yeye na Vincent Reffet waliruka sambamba na A380 ya Emirates juu ya Dubai, binadamu wawili wakibebwa na injini zilizozaliwa kwa ajili ya modeli. Tarehe 4 Agosti 2019 Franky Zapata alivuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza akiwa amesimama juu ya ubao wenye tabaini tano. Hayo yanafurahisha. Lakini injini inayoweza kumbeba mtu inaweza pia kubeba baruti. Mwaka 2003 Bruce Simpson wa New Zealand alitangaza kwamba angejenga kombora la masafa karakanani kwake kwa chini ya dola 5,000, akitumia injini ya mripuko ya kujitengenezea. Alitaka kuonya, na serikali zikaonyeka. Tangu vita vya droni vilipoanza kutawala habari, muuzaji wa tabaini huulizwa maswali mengi kuhusu nani ananunua, na anayesafiri na modeli yake kuvuka mpaka hubeba karatasi nyingi.

Hofu hiyo ina msingi, lakini isitumike kijinga. Umoja wa Ulaya ulipoandika kanuni yake ya vyombo visivyo na rubani, namba 2019/947, iliyoanza kutumika mwisho wa mwaka 2020, uliweka kifungu cha 16 kwa ajili ya klabu na vyama vya modeli, vipewe idhini yao kulingana na rekodi yao ya usalama. Marekani ilipolazimisha kila chombo kijitambulishe kwa mawimbi kuanzia Septemba 2023, ilitenga viwanja vya klabu ambako modeli zinaweza kuruka bila kifaa hicho. Waandishi wa sheria hizo walitofautisha mtu anayeruka mbele ya macho yake, kwenye uwanja unaojulikana, na droni inayopita juu ya mapaa ya watu usiku.

Kwetu Afrika Mashariki kanuni za TCAA na KCAA, mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya, zimeandikwa droni zikiwa akilini: usajili, kibali, ruhusa ya kuingiza chombo nchini. Sizilaumu, maana droni ndizo zilizobisha hodi kwanza. Lakini wapo vijana wetu wanaozitazama jeti hizi kwenye simu na kuchonga za kwao kwa povu la maboksi ya samaki na mota za kuagiza, na vyuo vyetu vinafundisha ufundi wa ndege kwa wanafunzi ambao wengi hawajawahi kujenga bawa hata moja kwa mikono yao. Kijana huyo asianze na tabaini. Aanze na ya povu na umeme, aivunje, aijenge tena, apate mkubwa wa kumkagua. Na wanaoandika kanuni, watakapozifungua tena kuzirekebisha, watenge kifungu kimoja kwa ajili ya klabu: uwanja mmoja unaojulikana, kimo kinachojulikana, na mkaguzi aliyewahi kujenga.